Wageni Waliowahi Kufika

Sikununua hata soksi. Mimba ilikuwa imeshavuka miezi saba, tumbo linaingia chumbani kwanza halafu mimi nafuata, na nyumbani kwetu mtaa wa Jamhuri hapakuwa na kitu hata kimoja cha mtoto. Nepi hakuna, blanketi hakuna, beseni hakuna. Jirani wa chini, mama wa pacha wawili watundu, alinivuta pembeni siku moja akaninong'oneza kwamba ana sanduku zima la nguo ndogo na nisione haya kuziomba. Nikamshukuru. Akangoja niseme nitazichukua lini, nami nikaanza kumwuliza habari za maji ya mtaani, kama yamerudi.

Sababu yenyewe ni hii. Nilikuwa nimeshabeba mimba mara mbili kabla ya hiyo. Ya kwanza nilinunua kila kitu. Nilipaka hata ukuta rangi ya manjano, kwa mikono yangu, nikiimba. Mtoto hakufika. Ya pili nilinunua blanketi moja tu, kwa siri, nikalificha chini ya mashuka, nikidhani nikifanya kimya kimya mambo yatapita salama. Huyo naye hakufika. Basi kichwani mwangu nikaunganisha mambo ambayo daktari yeyote angeniambia hayaungani: nikinunua, mtoto haji. Nikatunga sheria. Nguo hazinunuliwi, jina halitajwi, na hakuna mtu wa kusema "mtoto akija" ndani ya nyumba hii.

Aliyeumia zaidi na sheria hiyo ni mume wangu. Mume wangu ni mtu wa Kangemi, amezaliwa na kulelewa karibu na soko, wazazi wake walikuja kutoka magharibi kutafuta kazi wakaota mizizi pale. Ni besi wa kwaya. Hajui kunong'ona. Akisema "naomba chumvi" jirani wa juu anasikia. Mtu kama huyo kumwambia asitaje mtoto wake ni kumfunga jogoo mdomo. Lakini alijitahidi, maskini. Tukipita mbele ya duka la nguo za watoto mjini alikuwa anakaza shingo na kutazama mbele kama yuko kwenye gwaride, na mimi nikimwona hivyo napata hasira, halafu napata huruma, halafu naogopa upya.

Maana nilikuwa naogopa. Sitaki kulizungushia maneno. Niliogopa nikiamka, niliogopa nikipiga mswaki, niliogopa nikiwa ofisini ghorofa ya tano katikati ya jiji, mkono mmoja kwenye kompyuta na mwingine tumboni, nikisubiri mtoto apige teke. Akipiga nafurahi kidogo. Asipopiga nakunywa maji baridi nimshtue. Nilimshtua sana mtoto huyo. Ni ajabu kwamba ananipenda.

Na Mungu je? Mungu nilikuwa nimemnunia. Kanisani nilikwenda, kwa sababu kwetu hata ukinuna unanuna ukiwa umeketi kwenye benchi lako umevaa vizuri. Lakini kuomba nilikuwa nimeacha. Nilimwambia mara moja tu, nikiwa nakaanga vitunguu: "Wewe unajua ninachotaka, nimekuambia mara mbili, sirudii." Nikanyamaza. Naye akanyamaza. Tukaendelea hivyo kama watu wa nyumba moja waliokosana, wanapishana tu jikoni.

Saa ya chakula cha mchana nilikuwa nateremka kwenye ibada ya wafanyakazi, ukumbi mmoja juu ya maduka ya vifuniko vya simu. Si kwa utakatifu. Ukumbi ule una viti vyenye mgongo na feni inayofanya kazi, na hakuna mtu anayekufukuza ukila parachichi lako taratibu kwenye kona. Siku moja mhubiri, kijana mwenye suti inayombana, akatupigia kelele kwamba kila mtu amgeukie jirani yake amwambie, "Jirani, usiogope!" Jirani yangu alikuwa mzee wa heshima mwenye tai, mdomo umejaa mandazi. Akanigeukia kwa uzito mkubwa, akainua kidole, akajaribu. Yalitoka makombo tu. Nilicheka mpaka nikashika kiti cha mbele. Halafu nikashangaa nimeanza kulia, na yule mzee akanipa nusu ya mandazi yake. Nilikula. Ndiyo ibada niliyoifanya mwezi ule mzima.

Sasa niwaeleze kuhusu ushirika wetu, kwa sababu bila wao hakuna kisa. Akina mama wa kanisa letu wanaokaa Jamhuri hukutana kila wiki nyumba kwa nyumba, wanasoma, wanaomba, wanakunywa chai ya maziwa nyingi kupita kiasi. Mwenyekiti wao ni mama mnene mchangamfu anayetembea kwa haraka hata akiwa haendi popote. Mwanamke wa ushirika akijifungua, hawa hawasubiri kualikwa. Wanajifunga vitenge, wanapika uji, wanachemsha njahi, yale maharagwe meusi ambayo kwetu mzazi hulishwa apate maziwa ya kutosha, halafu wanamwendea wakiimba kuanzia getini. Inaitwa kwenda kumwona mtoto. Mtaa mzima unajua. Ukiwasikia unajua kuna nyumba imepata mgeni.

Mimi nilikuwa nimekwenda kuona watoto wa watu mara nyingi. Nilikuwa naimba sauti ya pili. Kwangu hawakuwahi kuja.

Tena mwenyekiti alikuwa na sheria yake juu yangu, ambayo sikuijua mpaka baadaye. Mimba ya pili ilipoharibika, kuna mama alikuwa amenipigia simu kwa furaha asubuhi hiyo hiyo, hajui lolote, akiuliza mtoto anaendeleaje. Ilibidi mimi ndiye nimwambie, na yeye ndiye aliyelia. Mwenyekiti aliposikia akawaita wote akawaambia, "Huyu dada asiulizwe tena. Akitaka kusema, atasema." Kwa hiyo mara hii tumbo lilikua mbele ya macho yao, wiki baada ya wiki, na hakuna aliyethubutu kuuliza ni miezi mingapi. Walikuwa wananiongezea tu sukari. Nami nikidhani hawajali, nikawanunia wao pia. Nilikuwa mtu wa kununa sana wakati ule.

Ndipo presha ikapanda. Daktari wangu, mwanamke mdogo kuliko mimi mwenye macho makali, alinilaza kwa siku chache waiangalie, kisha akaniruhusu kwenda nyumbani na kunielekezea kidole. "Kupumzika," akasema, "ni kulala. Kufagia sio kupumzika. Kufikiria pia sio kupumzika." La kwanza ningeweza.

Mama yangu aliposikia akatoka Mutuini siku ile ile. Mama ana shamba dogo huko, ng'ombe wawili, na imani kwamba hospitali hazijui kupika. Alikuja kwa bodaboda, mkungu wa ndizi mbichi mbele, kuku hai chini ya kwapa, sufuria kubwa mgongoni imefungwa kwa leso. Akashuka getini. Na pale getini, akitoka kununua mboga za sukuma, alikuwa amesimama nani kama si mwenyekiti wa ushirika.

Fikiria alichokiona. Anajua nililazwa, kwa sababu walimwona mume wangu akitoka na flaski na beseni. Anajua nimerudi, kwa sababu taksi ilituleta. Na sasa anamwona mama mzazi wa mwanamke mwenyewe, ameshuka na ndizi, na kuku, na sufuria. Kwetu mama haji na mizigo ya namna hiyo kumtazama binti mwenye presha. Anakuja hivyo kwa jambo moja tu, kumpikia aliyejifungua. Wakaamkiana, Bwana asifiwe, asifiwe sana. Mtu mwingine yeyote angeuliza. Lakini mwenyekiti alikuwa amejiwekea sheria ya kutouliza, na hakuwa mtu wa kuvunja sheria yake mwenyewe. Akaweka sukuma yake chini ya mkono, akatembea ile haraka yake mpaka nyumbani, akashika simu.

Jumamosi alasiri nilikuwa nimekaa kwenye kochi, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi, nimevaa fulana ya kwaya ya mume wangu kwa sababu hakuna nguo nyingine iliyonienea, nakula ndizi za kuponda. Mume wangu alikuwa juu ya kigoda anarekebisha chuma cha pazia. Mama alikuwa jikoni akimsema vibaya kuku, ambaye alikuwa amekataa kutoka chini ya meza.

Tukasikia wimbo.

"Nani amezaa?" nikauliza.

Mume wangu akachungulia dirishani. "Sijui. Lakini wako wengi. Aki ya Mungu, wamebeba mpaka beseni la kuogea."

Nikatabasamu. Halafu nikafanya hesabu ya ngazi yetu kichwani: huyu wa chini ana pacha wameshaota meno, huyu wa pili ni kapera, wa juu ni mzee. Wimbo ukaingia ngazini. Ukapita kwa pacha. Ukapita kwa kapera. Nikaacha kutafuna.

Mlango haukubishwa, ulisukumwa. Mwenyekiti aliingia kinyumenyume, anacheza, kikapu kichwani, anawaongoza wenzake kwa mikono, kwa hiyo ya kwanza kuingia nyumbani kwangu siku hiyo yalikuwa makalio yake, yakiwa na furaha tele. Nyuma yake, yaani mbele yake, wakafuata wengine na vitenge na flaski na mifuko. Mmoja alivaa lile beseni la kuogea mtoto kichwani kama kofia. Walijaza sebule. Mwenyekiti akafika katikati ya zulia, akapiga kigelegele, akageuka aniangalie.

Akaliona tumbo.

Sijapata kuona wimbo ukifa hivyo. Ulianza kufa mbele, kwa mwenyekiti, ukafa kwa mwenye beseni, ukafa kwa walio mlangoni, lakini wa ngazini hawakujua, wao waliendelea na ubeti wa tatu kwa nguvu zote, na mmoja akaongeza kigelegele.

"Dada," mwenyekiti akasema polepole, kikapu bado kichwani. "Mtoto ako wapi?"

Nikaonyesha kwa kijiko. "Bado ako ndani."

"Ndani ya chumba?"

"Ndani yangu."

Mume wangu akashuka kwenye kigoda. Kuku akatoka chini ya meza ya jikoni, akapita sebuleni katikati ya miguu ya watu wa Mungu, akaenda zake kwenye ngazi, na hakuna aliyemzuia.

"Lakini nilimwona mama yako na ndizi," mwenyekiti akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka kulia. "Si nilimwona na ndizi?"

"Kwani siwezi kuletea mtoto wangu ndizi?" mama akauliza kutoka mlangoni mwa jikoni.

Hapo ndipo ningepaswa kucheka. Ni jambo la kuchekesha, hata wakati ule nililiona. Lakini macho yangu yalikuwa yameshuka kwenye mifuko. Nepi. Kofia ndogo nyeupe. Blanketi lenye sungura. Vyote viko juu ya zulia langu, ndani ya nyumba yangu, sheria yangu yote ya miezi saba imevunjwa kwa dakika moja na watu wanaoimba. Nilipata baridi kuanzia miguuni, ndani ya maji ya moto. Nikasimama ndani ya beseni.

"Toeni," nikasema. "Toeni vitu vyote. Tafadhali. Toeni nje."

Hakuna aliyenielewa isipokuwa mume wangu, ambaye alianza kuokota mifuko bila kumtazama mtu. Wale akina mama walianza kujikusanya. Mwenyekiti alishusha kikapu, akakaa juu ya mkono wa kochi, akafunika uso kwa ncha ya kitenge. Ungesema tuko matangani.

Hapo ikasikika sauti moja nyembamba inapanda ngazi, inaimba peke yake.

Huyo alikuwa shosho, bibi yetu wa ushirika, mzee kuliko wote, mwenye magoti mabovu. Kila mara anaachwa nyuma kwenye ngazi na kila mara anafika wimbo umekwisha, na hajali, anaumalizia mwenyewe. Sikio lake moja halifanyi kazi na lile lingine linachagua. Aliingia akiimba, akawapita wote waliokuwa wanatoka, akawapiga kikumbo mmoja baada ya mwingine, akafika mbele yangu niliyesimama ndani ya maji. Akalitazama tumbo. Akamaliza ubeti. Haukatizi wimbo huyo hata iweje.

"Kumbe hajatoka," akasema.

"Hajatoka, shosho. Tumekosea," mwenyekiti akasema ndani ya kitenge. "Tunaenda."

"Mnaenda wapi? Mimi nimepanda hizo stairs zote." Akajitupa kwenye kochi, akanivuta nikae. "Si tumekuja kuona mtoto? Mtoto si ako hapa? Ama kuna mtu anabisha?"

Mwenyekiti akafunua jicho moja kwenye kitenge.

"Naweza kumsalimia, mami?" akaniuliza. Aliniuliza kweli, akasubiri nijibu. Nikaitikia kwa kichwa. Akaweka mkono wake mkavu juu ya jina la kwaya ya mume wangu, akainama, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Sasa wewe?"

Mtoto akapiga teke. Halikuwa teke la kudhania. Lilikuwa teke la kumwamsha mtu, fulana iliruka, na shosho naye akaruka.

"Amenijibu!" akapiga kelele. "Ngai, Mungu wangu! Amenijibu! Huyu ana adabu!"

Kilichofuata siwezi kukieleza kwa utaratibu kwa sababu hakikuwa na utaratibu. Wote walirudi kwa pamoja. Kila mmoja alitaka kusalimia. Walijipanga mstari uliozunguka meza, wanasukumana, mwenye beseni amelisahau kichwani, na mtoto alikuwa anawajibu, wallahi, si wote lakini wengi, na kila akipiga teke sebule nzima inapiga kigelegele. Mwenyekiti alipofika zamu yake alipiga magoti, akaweka shavu tumboni, akasema, "Sasa, mdogo wangu, mimi ndiye niliyekosea," akapigwa teke la shavu. Mume wangu akaanza kuimba besi akiwa amekumbatia mifuko mitatu. Nikaanza kucheka. Nilicheka mpaka nikalipindua beseni la miguu, maji yakaenda chini ya kochi, na hakuna aliyejali. Nilicheka kile kicheko cha shuleni ambacho ukikizuia kinatokea puani. Mama yangu akasema kwa ukali kwamba njahi ikishapikwa hairudishwi ilikotoka, akaanza kutoa sahani.

Ndipo shosho akatoa kisweta mfukoni. Alikuwa amekifuma mwenyewe, cha manjano, mikono yake haikulingana urefu. Rangi ile ile ya ukuta wangu. Nikaacha kucheka.

"Shosho, naogopa," nikamwambia. Lilinitoka tu, mbele ya wote. "Nikiweka vitu vyake ndani, naogopa hatakuja kama wale wengine."

Hakuniambia nisiogope. Ningemchukia. Alikitandaza kisweta juu ya tumbo, akakinyoosha kwa kiganja.

"Mimi nilizaa saba nikalea watano," akasema. "Wale wawili pia niliwaona. Na wale wako wawili, tulifaa kuja. Tulifaa kuja kukaa na wewe na kusema walikuwa watoto. Tukaona haya, tukanyamaza. Hiyo ndiyo tulikosea. Leo hatujakosea."

Mwenyekiti alikuwa analia waziwazi sasa, na si yeye peke yake. Mimi nililia kama sijawahi kulia katika zile siku zenyewe, kwa sababu siku zile kulikuwa na mimi na mume wangu tu na ukuta wa manjano. Mume wangu aliziweka chini zile nepi, akaja akakaa sakafuni kwenye maji, akaegemeza kichwa kwenye goti langu.

Shosho akaomba. Niliinamisha kichwa nikijua maombi yatakavyokuwa, ya kumkumbusha Mungu, kumsihi, kumpangia. Nilikaza meno. Akasema, "Bwana, tumemwona. Ametusalimia. Asante kwa leo. Amina." Akafungua macho akauliza njahi iko wapi.

Nilisubiri aendelee. Hakuendelea. Na katika ule upungufu wa maneno nilisikia kitu kikilegea ndani yangu, kama mtu aliyekuwa ameshika mlango miezi saba akaambiwa aachie, hakuna anayesukuma. Hofu haikuondoka, nisiwadanganye. Ilisogea tu upande, kama abiria, ikampisha mwingine akae. Lakini huyo mwingine alikaa. Mpaka leo nikijaribu kusema amani ni nini, naona sebule yenye maji, watu wanakula, na kisweta kimelazwa juu ya tumbo kinapanda na kushuka.

Vitu vilibaki. Usiku huo mume wangu aliniuliza avipeleke wapi, nikasema viache hapo hapo nivione. Kesho yake alfajiri nilimsikia bafuni akiimba kwa sauti yake yote, wimbo mzima una neno "mtoto", na jirani wa juu akagonga sakafu. Nami nikiwa kitandani nikamwambia Mungu, kwa mara ya kwanza tangu vile vitunguu, "Asante kwa leo." Nilikuwa bado nimenuna kidogo. Akapokea hivyo hivyo.

Ikawa ndiyo sala yangu. Siku mtoto akichelewa kupiga teke, nasema, glasi ya maji baridi mkononi. Siku presha ikipanda, nasema kwa meno yaliyokazwa. Nilisema kwenye kitanda cha magurudumu wakinisukuma kwenda chumba cha upasuaji, nikitazama taa za dari zinapita, na sikujua kama nitatoka na mtoto au nitatoka tena mikono mitupu. Sikujua. Nilisema asante nikiwa sijui. Sikujua kwamba inawezekana.

Alilia kabla hawajamtoa vizuri. Sauti nene, ya chini. Daktari wangu mwenye macho makali akasema juu ya barakoa, "Huyu atatusumbua," na nesi akacheka, na mimi nilicheka pia, tumbo liko wazi, jambo ambalo daktari alinikataza mara moja. Msichana. Mkubwa, ana mashavu ya mtu mwenye mali yake. Besi, kama baba yake.

Mwenyekiti safari hii alipiga simu. Nadhani ilimgharimu sana kiheshima. "Dada, Bwana asifiwe," akasema. "Nauliza kwanza. Ako nje?"

"Ako nje, mama. Njooni."

"Nje kabisa?"

Nikamweka binti yangu karibu na simu, akamjibu mwenyewe.

Walikuja wakiimba kuanzia getini, na nilijua wanakuja kwangu, na nilisimama mlangoni kuusikia wimbo ukipita kwa pacha, ukipita kwa kapera, ukipanda. Hawakubeba chochote. Walisema walishaleta, na kwamba hii ni zamu yetu ya kuwalisha, wakala kweli kweli. Mama alikuwa amerudi tena kutoka Mutuini na kuku mwingine, huyu amechinjwa kabisa, kwa usalama. Mtoto akapita mkono kwa mkono, kila mmoja anamtazama, anambariki, anamkabidhi wa pili.

Nilikuwa nimemvalisha kisweta cha manjano. Niseme nilijaribu kumvalisha. Mkono mmoja uliingia, ule mrefu, wa pili ukakwama kwenye kiwiko, na vifungo havikukutana kabisa juu ya lile tumbo lake. Niliona aibu, nikataka kumvua kabla mwenyewe hajafika, lakini nikasikia sauti nyembamba ngazini, peke yake, iko ubeti wa mwisho.

Shosho aliingia akaumaliza wimbo. Akanyoosha mikono, akapewa mtoto. Akamtazama usoni, akakitazama kisweta kilivyobana, akamtazama tena usoni, wala hakushangaa hata kidogo.

"Sasa wewe?" akamwambia. "Umekua sana tangu tuonane."